Jinsi ya kuongeza kumbukumbu katika kipakatalishi kikuukuu

KIPAKATALISHI kinachochukua dakika nzima kufungua barua pepe moja si lazima kiwe kimefika ukingoni. Aghalabu kinachokisumbua ni uhaba wa kumbukumbu, ile sehemu ijulikanayo kama RAM, na tiba ya maradhi hayo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya.

Humu nchini suala hili si dogo. Vipakatalishi vingi wanavyonunua wanafunzi, walimu na wafanyabiashara wadogo ni vile vilivyokwisha kutumika katika afisi za ng'ambo, kisha vikaletwa hapa na kuuzwa kwa bei nafuu. Ni mashine imara zilizoundwa kuhimili kazi. Hata hivyo, baadhi zilitengenezwa zaidi ya miaka 10 iliyopita na zilitoka kiwandani zikiwa na RAM ya gigabaiti 4 pekee, kiasi kilichotosha enzi hizo.

Mwenye mashine kama hiyo hujikuta katika njia panda. Je, atafute makumi ya maelfu ya shilingi anunue nyingine, au aongeze RAM kwa maelfu machache? Jibu hutegemea mambo mawili. Kwanza, athibitishe kwamba kinachoikwamisha mashine ni kumbukumbu kweli. Pili, kipande atakachonunua kiwe cha aina inayokubaliwa na mashine hiyo. Anayefika dukani bila kuyajua hayo mawili hubahatisha na pesa zake, kwa kuwa RAM hutibu ugonjwa mmoja tu.

RAM hufanya kazi gani?

Tarakilishi huwa na hifadhi za aina mbili ambazo wengi huzichanganya. Diski ndiyo ghala. Humo hukaa picha, nyaraka, nyimbo na programu zenyewe, hata umeme ukikatika. RAM nayo ni mfano wa meza ya kazi. Unapofungua programu, tarakilishi huitoa ghalani na kuitandaza mezani ili prosesa iweze kuishughulikia. Meza ikiwa pana, mambo mengi hufanyika kwa wakati mmoja. Ikijaa, kitu kimoja hurudishwa ghalani ili kukipisha kingine.

Hapo ndipo ukokotaji unapoanza. RAM hutoa data kwa muda wa nanosekunde 100 hivi, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde 10 au zaidi kufika mahali data ilipo. Tofauti hiyo ni ya takriban mara 100,000. Tarakilishi iliyoishiwa na RAM hushinda ikipeleka na kurudisha vitu ghalani, na mtumiaji huona tu kwamba kishale kimeganda na taa ya diski inamemeteka bila kupumzika.

Teknolojia ya RAM inayotumika hadi leo ilibuniwa na mhandisi Robert Dennard wa kampuni ya IBM, ambaye alipewa hataza yake mnamo 1968. Kila biti huhifadhiwa kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, na transista moja huilinda mfano wa bawabu. Chaji hiyo huvuja, kwa hivyo hulazimu kujazwa upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Ndiyo sababu umeme ukipotea, kazi ambayo hukuwa umeihifadhi hutoweka papo hapo. Ndiyo sababu pia kubadilisha kipande cha RAM hakufuti faili yoyote. Faili zako zimo kwenye diski, wala haziguswi.

Mbona zamani ilitosha?

RAM haipungui kwa kutumika. Mashine iliyokuwa na gigabaiti 4 mwaka wa 2013 bado ina gigabaiti hizo hizo. Kilichobadilika ni mahitaji ya programu.

Windows XP, iliyotolewa 2001, ilihitaji megabaiti 64 kwa uchache. Windows Vista ya 2007 ilidai megabaiti 512. Windows 7 ya 2009 ilihitaji gigabaiti 1, au gigabaiti 2 kwa toleo la biti 64. Windows 11 iliyofuata 2021 inadai gigabaiti 4. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka 20 kiwango cha chini kabisa kilipanda mara 64.

Viwango hivyo, licha ya kupanda, ni vya kuiwezesha mashine kuwaka tu. Mzigo wenyewe huja na kivinjari. Vivinjari vya kisasa huzitenga kurasa za tovuti mbalimbali na kuziendesha kana kwamba ni programu zinazojitegemea, ili moja ikikwama zisikwame zote. Usalama huo hulipiwa kwa kumbukumbu. Mwanafunzi anayefuatilia somo kwa njia ya video, huku ameandika insha yake kando na kufungua kurasa kadhaa za utafiti, hawezi kufanya kazi kwa raha akiwa na gigabaiti 4.

Kwa kazi za kawaida za kuandika, kuhesabu, kutumia intaneti na kuhudhuria mikutano ya video, gigabaiti 8 zinatosha. Gigabaiti 16 zinamfaa anayehariri video au picha kubwa, na anayeandika programu. Zaidi ya hapo, ni nadra mashine ya zamani kunufaika, maadamu prosesa yake haina nguvu za kuzitumia.

Pima kabla ya kununua

Fungua programu zote unazozitumia katika siku ya kawaida ya kazi. Kisha, katika Windows 10 au 11, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Ingia katika sehemu iliyoandikwa Performance, kisha Memory.

Hapo utaona kiasi cha RAM kilichopo, kiasi kinachotumika, kasi yake na idadi ya mianya ya kupachikia iliyojaa. Kiasi kinachotumika kikikaa juu ya asilimia 85 au 90 wakati wote, huku diski ikionyesha kwamba imelemewa kila unapohama kutoka programu moja hadi nyingine, basi ugonjwa ni uhaba wa RAM. Kikiwa asilimia 50 na mashine bado inakokota, usinunue RAM. Tafuta chanzo kwingine.

Wanaotumia Linux wanaweza kuandika amri free -h kuona kiasi kinachotumika, na sudo dmidecode -t memory kuona kila mwanya na kipande kilichomo. Kwa matoleo ya zamani ya Windows ambayo hayaonyeshi mianya, programu ya bure iitwayo CPU-Z hutoa habari hizo.

Andika mambo manne kwenye karatasi: jina na namba kamili ya modeli iliyobandikwa chini ya mashine, kiasi cha RAM kilichopo, aina yake na kasi yake. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuongoza dukani.

Je, mashine yako inakubali kuongezwa?

Si kila kipakatalishi huruhusu jambo hili. Katika vile vyembamba, RAM aghalabu hulehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa saketi na haiwezi kutolewa kwa bisibisi. MacBook Air zote ziko hivyo, na vivyo hivyo MacBook Pro zenye skrini ya Retina tangu zilipoanza kuuzwa 2012. Vipo vingine vyenye RAM ya kulehemiwa na mwanya mmoja wa kuongezea kando yake. Katika hivyo, sehemu iliyolehemiwa hubaki ilivyo na unachobadilisha ni kipande cha mwanyani.

Kikwazo cha pili ni upeo. Kila prosesa, pamoja na saketi zinazoandamana nayo, ina kiwango cha juu cha RAM inachoweza kukitambua. Vipakatalishi vidogo vilivyotumia prosesa ya Intel Atom N270, ambavyo vilivuma mwaka wa 2008 na 2009, haviwezi kupita gigabaiti 2. Prosesa za kizazi cha kwanza cha Core i5 na i7 za vipakatalishi, zilizotoka 2010, kwa kawaida hukomea gigabaiti 8. Ukipachika zaidi ya hapo, ama mashine itakataa kuwaka ama itapuuza ziada hiyo.

Mifano michache ya mashine zinazopatikana sana katika soko la mitumba itasaidia. Lenovo ThinkPad X230 ya 2012 ina mianya miwili na hufika gigabaiti 16. Ndugu yake T430 ni hivyo hivyo. Lakini X240 iliyofuata ina mwanya mmoja tu, na Lenovo iliiwekea upeo wa gigabaiti 8. Hapa mwenye gigabaiti 4 hana budi kukitoa kipande alicho nacho na kuweka cha gigabaiti 8. HP EliteBook 840 G1 ina mianya miwili na hufika gigabaiti 16. MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012, ile isiyo na skrini ya Retina, ina mianya miwili pia. Apple iliiandikia upeo wa gigabaiti 8, ingawa kwa hakika hukubali 16.

Kikwazo cha tatu kimo katika mfumo endeshi. Toleo la biti 32 linaweza kuzitaja anwani 4,294,967,296 tu za kumbukumbu, yaani gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na vifaa vingine vya ndani. Mwenye Windows ya biti 32 akiweka gigabaiti 8 ataendelea kuona gigabaiti 3 na ushei. Kabla ya kununua, tazama katika maelezo ya mfumo iwapo pameandikwa biti 32 au 64. Ikiwa ni 32 na prosesa inaweza kuendesha 64, itabidi kwanza uhifadhi nyaraka zako mahali pengine na kupachika mfumo upya.

Kila kizazi na pengo lake

RAM za vipakatalishi ni fupi kuliko zile za tarakilishi za mezani, na umbo lake huitwa SO-DIMM. Zimepita vizazi kadhaa, na kipande cha kizazi kimoja hakiingii katika mwanya wa kingine. Watengenezaji waliweka pengo dogo kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu, na nafasi ya pengo hilo hutofautiana kulingana na kizazi ili kuzuia makosa.

DDR2, ambayo viwango vyake viliidhinishwa 2003, ina pini 200 na hutumia volti 1.8. Utaikuta katika mashine za takriban 2006 hadi 2009. DDR3 ya 2007 ina pini 204 na hutumia volti 1.5. DDR4, iliyoidhinishwa 2012 na kuenea katika vipakatalishi kuanzia 2015 hivi, ina pini 260 na hutumia volti 1.2. DDR5 ya 2020 ina pini 262 na hutumia volti 1.1.

Mtego mkubwa umejificha ndani ya DDR3. Kipo kizazi kidogo kiitwacho DDR3L, kinachotumia volti 1.35 ili kuokoa betri. Pini zake ni zile zile 204 na pengo liko pale pale, kwa hivyo jicho haliwezi kukitofautisha na DDR3 ya kawaida. Prosesa za Intel za kizazi cha nne zilizowekwa katika vipakatalishi kuanzia 2013, zikiwemo za X240 na EliteBook 840 G1 tulizozitaja, huhitaji DDR3L. Ukipachika DDR3 ya volti 1.5 humo, kitaingia vizuri, vibanio vitajifunga, na skrini itabaki nyeusi. Kinyume chake hakina taabu, kwani vipande vya DDR3L kwa kawaida hufanya kazi pia katika mashine za volti 1.5. Ukiwa na shaka kati ya viwili hivyo, chagua chenye herufi L.

Herufi hiyo utaiona kwenye kibandiko. Chukua mfano wa maandishi haya: 4GB 2Rx8 PC3L-12800S. GB 4 ndio ujazo. 2Rx8 huonyesha jinsi chipu zilivyopangwa. PC3L ni kusema DDR3 ya volti ndogo. Namba 12800 ni kiasi cha megabaiti kinachoweza kupita kwa sekunde moja, ambacho ni kasi ya 1600 ikizidishwa kwa baiti 8. Herufi S ya mwisho yathibitisha kwamba kipande ni cha kipakatalishi. Kwa mantiki hiyo, PC3-10600 ni DDR3 ya kasi ya 1333, na PC4-19200 ni DDR4 ya kasi ya 2400.

Vipande viwili vya kasi tofauti vinaweza kukaa pamoja, lakini vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole. Kwa hivyo hakuna haja ya kulipia kasi ambayo mashine haiwezi kuifikia. Lenye faida zaidi ni kuweka vipande viwili vya ujazo sawa, kwa kuwa mashine nyingi huvisoma kwa pamoja na kupata njia pana zaidi ya data. Nafuu hiyo huonekana hasa katika vipakatalishi visivyo na kadi ya picha ya peke yake, ambavyo hukopa sehemu ya RAM kwa ajili ya kuchora skrini.

Dukani

Anayenunua katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, au kwa mafundi wa miji mingine, atapewa RAM mpya au iliyotumika. Iliyotumika si mbaya. Kipande cha RAM hakina sehemu inayozunguka wala kusuguana, na kilichofanya kazi miaka mitano bila hitilafu kinaweza kuendelea kwa miaka mingine mingi. Kwa DDR2 na DDR3, kizazi ambacho viwanda vimekipa kisogo, mara nyingi hakuna kingine cha kununua.

Linaloleta tofauti ni masharti. Nenda na kipakatalishi chenyewe, kipande kipachikwe mbele yako, na usilipe kabla ya kuona kiasi kipya kwenye skrini. Dai risiti iliyoandikwa aina, ujazo na muda wa kurudisha. Usikubali kipande ambacho kibandiko chake kimebanduliwa, au ambacho meno yake yamekwaruzwa na kuingia kutu.

Ikikulazimu kumwachia fundi mashine, piga picha ya skrini inayoonyesha kiasi cha RAM na ukubwa wa diski, na ukiweza upige picha ya vipande vyenyewe. Hatua hiyo haimtuhumu mtu. Inazuia ubishi endapo mashine itarudi na upungufu.

Bei nayo haitabiriki. Kuanzia mwishoni mwa 2025, bei za RAM zilipanda kwa kasi kote duniani baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vikubwa vya akili unde. Mnamo Desemba 2025, kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba ingeacha kuuzia wanunuzi wa kawaida RAM zake za jina la Crucial. Kwa sababu hiyo, bei uliyoambiwa na rafiki aliyenunua miaka miwili iliyopita haiwezi kuwa kipimo. Uliza katika maduka matatu au manne kwanza.

Hatua za kupachika

Kazi yenyewe si ngumu kwa mashine nyingi za afisi, na humalizika chini ya nusu saa. Unachohitaji ni bisibisi ndogo inayolingana na skrubu za mashine, meza safi yenye mwanga wa kutosha na kikombe cha kuwekea skrubu.

1. Hifadhi nyaraka zako muhimu kwenye kifaa kingine. Zima mashine kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja na nyaya nyingine zote.

2. Toa betri. Ikiwa iko ndani, chomoa waya wake kutoka kwenye ubao mkuu mara tu ufunguapo mfuniko. Katika baadhi ya ThinkPad, betri ya ndani huweza kuzimwa kupitia BIOS kabla ya kufungua. Ukiona betri imevimba, simamisha kazi na umpelekee fundi, kwani betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto.

3. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili kumaliza umeme uliobaki ndani.

4. Ondoa umeme tuli mwilini mwako kwa kugusa chuma kisicho na rangi. Usifanyie kazi kwenye zulia wala ukiwa umevaa sweta ya sufu, hasa majira ya kiangazi ambapo hewa ni kavu. Cheche usiyoihisi hata kidogo inaweza kuiua chipu.

5. Fungua mfuniko wa chini. Mashine nyingine zina kidirisha kidogo cha RAM, nyingine hudai mfuniko wote utolewe. Katika baadhi ya modeli za zamani, mwanya mmoja uko chini na wa pili uko chini ya kibodi. Panga skrubu kulingana na mahali zilikotoka, kwani urefu wake huweza kutofautiana na skrubu ndefu ikikazwa mahali pa fupi hutoboa kisichotakiwa.

6. Tanua vibanio viwili vya kando kwa kucha. Kipande cha zamani kitainuka chenyewe. Kivute kwa kukishika kingo, bila kugusa meno ya dhahabu.

7. Linganisha pengo la kipande kipya na kijino cha mwanyani. Kiingize kikiwa kimeinama kwa nyuzi 30 hivi, ukisukume hadi meno ya dhahabu yakaribie kutoweka, kisha ukilaze hadi vibanio vilie. Kikigoma, usitumie nguvu. Ama umekigeuza ama si cha kizazi hicho.

8. Rudisha betri na mfuniko, chomeka chaja na uwashe. Mara ya kwanza mashine huweza kukawia huku ikijizoesha na kipande kipya. Ipe dakika chache.

Isipowaka

Skrini nyeusi au milio ya mfululizo haimaanishi kwamba umeiharibu mashine. Mara nyingi kipande hakikuingia hadi mwisho. Zima, toa betri, kipachike upya. Ikishindikana, jaribu kipande kimoja kimoja, na ubadilishe mianya. Rudisha kile cha zamani peke yake. Mashine ikiwaka nacho, basi kipya ama ni kibovu ama ni cha aina isiyofaa, na hapo ndipo risiti inapokufaa. Meno yenye uchafu husafishwa kwa kitambaa laini chenye alkoholi ya isopropili, yakaachwa yakauke.

Hata ikiwaka, usishangilie mapema. RAM yenye hitilafu ndogo huweza kuruhusu mashine kuwaka kisha ikaharibu nyaraka kimyakimya. Windows ina chombo chake cha kuipima, nayo programu ya bure ya Memtest86+ huipima kwa kina zaidi. Iache ifanye kazi usiku kucha. Hata kosa moja likionekana, rudisha kipande hicho.

Pale ambapo RAM haifai

Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka na pesa zinatosha jambo moja tu, zingatia matokeo ya kipimo. Ikiwa RAM haijajaa lakini mashine huchukua dakika nzima kuwaka na programu hufunguka kwa kusuasua, diski ya SSD itakupa nafuu kubwa kuliko RAM. Mashine inayopata joto na kupiga kelele pengine inahitaji tu feni yake kusafishwa vumbi. Inayojifungulia matangazo huenda ina virusi.

Lipo pia suala la usalama. Windows 10 ilifikia kikomo cha masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025. Windows 11 kwa upande wake haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, hata mashine ikiwa na gigabaiti 16. Anayeongeza RAM katika ThinkPad ya 2012 akitumai kupata Windows 11 atavunjika moyo.

Hilo halimaanishi kwamba mashine hiyo ni takataka. Mifumo ya Linux ni ya bure na huendelea kupata masasisho ya usalama. Linux Mint, mathalani, huhitaji gigabaiti 2 na hupendekezwa iwe na 4, kwa hivyo mashine yenye 8 huiendesha kwa wepesi. Humo mna LibreOffice ya kuandikia na kivinjari cha Firefox. Kwa mtu anayetegemea tovuti kama iTax na eCitizen, pamoja na barua pepe na masomo ya mtandaoni, hayo yanaweza kutosha. Asiyeweza kuachana na programu fulani ya Windows ndiye anayepaswa kujiuliza kama pesa za RAM si heri azitie katika akiba ya mashine mpya zaidi.

Kipande cha zamani ulichokitoa usikitupe jaani. Kinaweza kumfaa mwenye mashine duni kuliko yako, na mafundi wengine hukichukua kama sehemu ya malipo. Kilichokufa kipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre jijini Nairobi, kwa kuwa vibao hivi vikichomwa moto hutoa moshi wenye sumu.

Kwa muhtasari, anza na kipimo, kisha utambue modeli, upeo na kizazi cha RAM, na ndipo ufungue pochi. Mashine yenye prosesa nzuri na mwanya ulio wazi inaweza kumfikisha mwanafunzi hadi mahafali yake. Isiyo na sifa hizo ni bora kuijua mapema, kabla ya kuitia shilingi zaidi.